Walitenga Sahani, Wakafunga Dirisha

Nikiingia nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu sikai kitako kwanza. Natafuta dirisha. Nikilikuta limefungwa nalifungua mwenyewe, wenye nyumba watake wasitake, ndipo naamkia tena, maana salamu ya mlangoni huwa wameijibu nusu. Hawanipendi kwa hilo. Huku kwetu kusini, Makunduchi mpaka Kizimkazi, wapo wanaonipita njiani wakajifanya wanatazama simu.

Kituo cha afya kimetuchukua sisi tuliougua tukapona, tuzunguke majumbani tuwaeleze watu jinsi ya kukaa na mgonjwa wao. Wenzangu wana upole. Wanauliza habari za watoto, wanasifu chai. Mie upole nilikuwa nao zamani, nikanyang'anywa, na walioninyang'anya nawajua.

Naandika ili nao wajulikane. Majina yao siyataji, kwa sababu wamepewa majina mazuri ya watu wema waliotangulia, na majina hayana kosa. Lakini udugu wao na kazi zao nitavitaja. Wakisomewa watajijua.

Niliolewa Mji Mkongwe, ndani kabisa, nyumba ya ghorofa mbili ya watu wenye asili ya Arabuni. Zamani walikuwa na mashamba ya mikarafuu, sasa wana hadithi za mashamba. Mie baba yangu mvuvi na mama yangu kafa mikono imebabuka kwa kulima mwani. Mume wangu alinipenda, sisemi hakunipenda, ila mapenzi yake yalikuwa hayana sauti mbele ya mama yake na dada yake.

Huyo dada ndiye wifi yangu. Siku ya mwanzo kunikuta jikoni aliniuliza, "Huko kwenu mnajua kupika biriani, au pweza tu?"

"Pweza nnajua," nikamwambia. "Biriani nifundishe."

"Mmh! Na mdomo pia mnajua."

Tuliishi hivyo, yeye akirusha na mie nikirudisha, na mama mkwe akicheka juu ya busati lake. Siyo maisha mabaya. Nikazaa mtoto wa kike. Alipokuwa anaanza chuo cha Kurani ndipo kilipokuja kikohozi.

Kwanza tulisema mafua. Halafu tukasema vumbi la upepo wa kaskazi. Nilikuwa naamka kanga imelowa jasho kama nimetoka baharini, na gauni la harusi ya shoga yangu lililonibana mwaka ule likawa linanizunguka. Nilipotema damu mume wangu akanipeleka hospitali. Nilipimwa makohozi. Muuguzi akaniita, akanipa vidonge, akasema hivi, nayakumbuka maneno yake yote kwa sababu yalikuwa machache: "Kifua kikuu. Meza kila siku asubuhi, miezi sita, usiache. Anayefuata!"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuitwa ndani. Hakuambiwa ugonjwa unapitia wapi wala haupitii wapi, hakuambiwa alete watu wa nyumba wapimwe. Benchi lilikuwa limejaa, najua. Lakini kumwambia mume wangu maneno mawili kungemchukua muda gani? Muda wa kumeza mate. Yule muuguzi namtia katika wakosaji, na sasa ninapokaa naye mkutano mmoja, mvi kichwani, akisema "elimu kwa familia", namtazama mpaka anainamisha uso.

Basi familia ikajifundisha yenyewe, na mwalimu akawa wifi.

Kwetu watu hula sinia moja. Wanawake tunalizunguka, kila mmoja na upande wake, mchuzi katikati, na mkono wa mwenzio ukikusogezea kipande cha samaki ujue uko nyumbani. Jioni ile sinia lilipotandikwa nikaenda nikae mahali pangu.

"Weye yako ile pale," wifi akasema.

Pembeni ya mlango, sakafuni, palikuwa na sahani ya bati na kikombe. Nilipokwisha kula nikaigeuza sahani. Chini wifi ameitia alama ya rangi ya kucha, nyekundu, ileile aliyokuwa nayo vidoleni, ili isije ikachanganyika na za watu. Asiyekulia sinia hatojua jambo hili lina uzito gani. Mtu unaweza kumtukana, ukampiga hata, kisha mkala pamoja yakaisha. Ukimtenga sinia umemtoa katika watu. Mwanangu alikata tonge lake akaniletea. Wifi akamvuta mkono, tonge likaanguka, na mtoto akachapwa kwa kumwaga chakula.

Baada ya sahani kikaja chumba. Nilishushwa chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo, dirisha lake linaangalia kichochoro. Wifi akalikomea, akatia na vitambaa kwenye nyufa.

"Nitapumua wapi?" nikamuuliza.

"Pumua, nani kakukataza? Lakini kikohozi hicho kinasikika mpaka msikitini. Nyumba hii ina sitara yake."

Sitara. Neno hilo watu wa mjini wanalipenda kama tende. Na ni neno zuri, silitukani. Sitara ni nguo ikimvuka mwenzio ukamfunika. Pumzi ya mtu si ya kufunikwa. Mie nilikaa mle gizani, joto linachemka, na nje kichochoroni wapita watalii na mtembezaji wao anawasifia dirisha lililofungwa, mbao za zamani, nakshi, na wao wanalipiga picha. Nilikuwa nauma kanga nisikohoe wakasikia.

Sasa nisikilize, weye unayesoma, kwa sababu hili ndilo nnalozungukia majumbani. Ugonjwa ule haumo katika sahani. Haumo katika kikombe wala shuka wala mkono. Umo katika hewa anayoitoa mgonjwa akikohoa, na hewa hiyo ikikaa imefungiwa, anayeingia anaivuta. Ukifungua dirisha upepo unaichukua. Wifi alitenga sahani isiyokuwa na kitu, akaifungia ndani hewa yenye ugonjwa.

Na aliyekuja kuivuta alikuwa mama mkwe.

Hakunipenda, lakini alisema mgonjwa wa nyumba yake hatokufa bila ya kusomewa. Kila siku baada ya magharibi alishuka na msahafu na chetezo cha ubani, akafunga mlango, akanisomea Yasini, akatemea maji, akaninywesha. Moshi ukitanda tukikohoa wote wawili.

"Bi mkubwa, tufungue dirisha kidogo, ubani unanikaba."

"Ubani haukabi mtu, mwanangu. Unakaba shetani."

"Basi leo umenidhania mimi ndiye."

Akacheka. Akanipiga kidogo begani na tasbihi, akaendelea kusoma. Yeye peke yake aliingia chumba kile bila ya kujifunika pua, na yeye peke yake kilimgharimu. Nikiwahesabu wakosaji namtia mwisho, na siku nyengine simtii.

Vidonge vilinigeuza mkojo ukawa rangi ya machungwa. Hilo nalo muuguzi hakuliona la kusemwa. Wifi alipouona alipiga yowe kuwa nakojoa damu, vidonge vinanipasua ndani, akavimwaga chooni. Nilikwenda hospitali kwa miguu huku nimeshika ukuta kuomba vyengine, na nikagombezwa mimi. Tangu hapo nilivifunga pindoni mwa kanga, nikavimeza nikiwa peke yangu.

Nikapona. Mwili ukarudi, na dirisha likafunguliwa siku niliyopanda juu, wifi anataka kuweka gunia la mchele mle ndani. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kukohoa.

"Kifua hicho nakijua," nikamwambia mume wangu. "Mpeleke mama."

Wifi akadakia kabla mume wangu hajafungua kinywa. "Unataka kutwambia mama yetu ana ugonjwa wako wa shamba? Hii pumu ya uzee."

"Nakuuliza weye," nikamwambia mume wangu.

"Mambo ya mama anayajua dada," akasema, akatoka kwenda barazani kucheza bao.

Pumu ya uzee ilimmaliza kabla mwezi wa mfungo haujaandama. Alikufa juu, madirisha yamefungwa, kila kitu kwa sitara. Msibani, wanawake tumekaa mikekani, mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Mficha maradhi kilio humuumbua," na wifi akasikia. Akanyanyuka, akanioneshea kidole mbele ya watu.

"Aliyemuua si huyo hapo, kakaa anakunywa kahawa yetu!"

Mume wangu alikuwa upande wa wanaume, lakini nyumba ile haina kuta za kuzuia sauti ya wifi. Alisikia. Haukupita muda nikapewa talaka, na mtoto akabaki kwao kwa sababu mjini ndiko kwenye skuli. Nikarudi kusini na begi moja.

Mwanangu alikuwa akija sikukuu. Idi moja, alikuwa na umri wa kujisuka mwenyewe, nilimpakulia pilau peke yake kwa sababu alichelewa kufika. Kabla ya kula aliiinua sahani kichwani, akaichungulia chini.

"Unatafuta nini?"

"Alama," akasema. "Shangazi kasema niangalie nisije nikala kwenye sahani yako."

Nikatoka uani. Sikulia. Nilivunja kuni, hata zisizohitajika, mpaka jirani akauliza kama tuna shughuli.

Ndivyo alivyolelewa. Alikua akijua kwamba mama yake ni ugonjwa uliovaa buibui. Alinipigia simu kila Ijumaa kwa adabu, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," kisha maneno yakaisha. Nilivumilia. Kituo cha afya kiliponiita kwenye hiyo kazi ya kuzunguka nilikubali siku ileile, na nasema kweli, sikukubali kwa huruma. Nilitaka kuingia nyumba za watu nikamkute wifi katika kila nyumba nimwambie.

Mwanangu akachumbiwa. Kijana wa watu, ana kazi hoteli moja ya Kendwa, mama yake mjini. Mimi niliambiwa tarehe kama mwalikwa. Zikiwa zimebaki siku chache nikampigia kumuuliza habari ya nguo, na katikati ya jibu akakohoa.

Mtu anajua mlio wa mlango wake hata akiwa usingizini. Kikohozi kile nilikijua.

"Una siku ngapi nacho?"

"Mafua tu, mama."

"Unalowa jasho?"

Akaanza tena habari ya nguo.

"Mwanangu, unalowa jasho?"

"Shangazi kasema nisikwambie. Kasema utakuja kuniharibia."

Nilipanda gari ya mwanzo ya asubuhi.

Wanaojua harusi za kwetu wanajua biharusi huwekwa ndani. Hatoki, jua halimuoni, anapakwa singo, manukato ya manjano, mwili mzima asubuhi na jioni, anafukizwa udi, na wasichana wenzake wanakaa naye wakimwimbia na kumtania. Mila nzuri. Nami niliwekwa ndani, na nikiikumbuka siku zile nnacheka peke yangu. Lakini nilipokata kona ya kichochoro nikaona wamemweka chumba gani. Dirisha lilelile. Limefungwa, moshi wa udi unatoka kwenye ufa, na ndani wasichana wanaimba, na katikati ya wimbo mwanangu anakohoa.

Nikapiga hodi. Wifi akafungua mlango kiasi cha kupitisha uso.

"Harusi Alhamisi," akasema. "Umewahi."

"Nataka kumuona mwanangu."

"Biharusi haonwi."

"Anaumwa. Mtoe aende hospitali, na hao wasichana watoke mle."

"Ana mafua. Baada ya harusi tutampeleka, akitaka."

"Baada ya harusi utampeleka yeye na mumewe na mama mkwe wake. Au hao utawaambia wana pumu ya uzee?"

Akaufunga mlango. Nikasikia komeo.

Sikugombana na mlango. Nikazunguka kichochoroni. Ubao ule wa dirisha ulipigwa picha na dunia nzima lakini hakuna aliyeupiga dawa ya mchwa. Nikautia vidole kwenye ufa, vitambaa vikatoka vumbi, nikavuta mara moja, komeo likaja na kipande cha mbao. Mwangaza ukaingia. Mwanangu alikuwa amekaa mkekani, wa manjano kutoka kichwani mpaka miguuni, mabega yamechongoka kama ya kwangu siku zile. Wasichana wakapiga mayowe. Yeye hakupiga. Alinitazama kwa chuki, nami nikaipokea, maana alikuwa bado na nguvu ya kuchukia.

Wifi akaingia mle mbio, hana mtandio.

"Mshenzi we! Ulimuua mama yangu na kifua kikuu chako, sasa unataka mtaa mzima ujue na huyu anacho!"

Mwanamke wa mlango wa pili, alikuwa anapeta mchele, ungo ukamsimama mikononi. Mtembezaji na watalii wake wakasita palepale.

Mie nilikuwa sijasema neno. Wifi akajishika mdomo, lakini neno lilishatoka, na safari hii hapakuwa na dirisha la kulifungia.

Kesho yake mwanangu alipimwa. Ni hicho hicho. Wasichana wa singo nao wakaitwa kupimwa, wote wakaenda, na wifi akakataa. Alisema yeye hana ugonjwa wa shamba.

Mama wa yule kijana alinifuata mwenyewe kutaka maelezo, na nilimpa, kwa sauti nzuri kuliko zote nilizopata kuzitoa katika kazi hii. Nilimwambia harusi isogezwe tu. Nilimwambia akimeza dawa sawasawa, haupiti muda mrefu hamuambukizi mtu, na wakishapima madaktari watasema wenyewe. Ndiyo, mtu anapona. Ndiyo, anazaa.

"Na vyombo?" akauliza.

"Vioshe kama unavyoosha vyote. Fungua madirisha."

"Mmh." Akainuka. Maji niliyomkaribisha hayakuguswa. Jioni walirudisha salamu kuwa kijana wao hayuko tayari. Watu wema, wanajua kusema. Nao nawatia humu.

Nilimchukua mwanangu Makunduchi. Baba yake alimbebea begi mpaka kwenye gari, akarudi barazani kwake. Usiku wa mwanzo nilitandika sinia moja, wali na samaki changu wa kuchoma, nikakaa upande wangu.

"Nipe sahani yangu," akasema.

"Nyumba hii haina."

Hakula. Siku ya pili hakula mchana, jioni akala kwa ukingo, mbali kabisa na mkono wangu, macho kwenye ukuta. Nilimsogezea kipande cha samaki. Akakiacha pale. Asubuhi alimeza vidonge mbele yangu, akafungua kinywa kunionesha kama mtu anayenitolea ulimi. Habari ya mkojo nilimwambia kabla, usije ukamtisha. Madirisha yote wazi, na upepo wa bahari ukiangusha vitu mezani, na yeye akiviokota kwa hasira.

Mara moja tu tulizungumza kweli. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, mimi nachambua mchele.

"Ungesubiri nikaolewa," akasema.

"Ungeolewa na sanda."

"Basi ndiyo hivyo. Sasa sina sanda wala mume. Umefurahi?"

"Nimefurahi," nikamwambia, na nilikuwa sijawahi kusema jambo la kweli kama lile. Akautupa ukili akaingia ndani. Lakini usiku alikula.

Akamaliza dawa zake zote. Walimpima, wakasema kapona. Asubuhi iliyofuata akafunga begi akarudi mjini kwa shangazi yake, kwa sababu huko ndiko alikolelewa na mimi ni mtu aliyemvunjia harusi. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alinipa mkono, si zaidi.

Juzi nilikuwa na mkutano mjini, na katika kwenda nikapita kichochoro kile. Sikuwa na haja ya kupita huko. Dirisha wametia ubao mpya, wa rahisi, hauna nakshi, watalii hawautazami. Ulikuwa wazi. Ndani nikasikia kikohozi, cha mtu mzima, kikavu, na sauti ya wifi ikifuata.

"Funga hilo dirisha, mtoto, watu wanapita!"

"Silifungi, shangazi."

"Vumbi linaingia!"

"Liingie. Na kesho nakupeleka hospitali, ukitaka usitake."

"Umeshakuwa kama mama yako."

Sikusikia alijibu nini. Alikuja dirishani kuweka jiwe ubao usipigwe na upepo, tukaonana, hatua mbili baina yetu. Hakuniamkia. Akaliweka jiwe, akalijaribu kwa mkono kama limekaa, akarudi ndani.

Wifi sijamsamehe, na akipona sitomsamehe vilevile. Lakini nilisimama pale kichochoroni mpaka nikachelewa mkutano, nikimsikia anakohoa, na upepo unaingia.